Neno "Wingu" na Maji ya Mugango

Siku hizi husemwa kwamba kumbukumbu za ofisi, benki na shule huhifadhiwa "winguni". Neno hili twaliona tamu, lakini lina kasoro kubwa: laficha ardhi. Data hukaa majengoni, kama lile la Kijitonyama, Dar es Salaam, penye mitambo isiyozimwa usiku wala mchana, inayokula umeme mwingi na kupozwa, pengine kwa maji.

Faida yake hatuikatai. Mwalimu wa Bunda hafungi tena safari kufuata faili, na taarifa za Taifa hubaki nchini. Lakini jengo la namna hiyo likipendekezwa Musoma kwa kuwa ziwa li karibu, yatupasa kuikumbuka Butiama, iliyongoja miaka mingi maji ya ziwa hilo hilo kutoka Mugango. Ajira nazo huwa nyingi wakati wa ujenzi, chache baadaye. Kiwanda cha nguo cha MUTEX angalau kilihitaji mikono.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, nayo yahifadhi kumbukumbu, na mwanakijiji aweza kubisha hodi akauliza. Sisi twapendelea neno "ghala". Ghala lina kiwanja na lina mwenyewe, na diwani aweza kuuliza lanywa maji kiasi gani.