"Meno ya Plastiki": Istilahi Inayopotosha

Tangu miaka ya 1980 limeenea nchini jina "meno ya plastiki", ama "ya nailoni". Hatuliafiki. Kinachoitwa hivyo ni chipukizi la jino la chonge, ambalo bado limo ufizini mwa mtoto mchanga. Jina hilo humwaminisha mzazi kwamba kuharisha na homa vyatokana na kitu kigeni kinachopaswa kung'olewa. Mtoto hutokwa damu, huambukizwa, pengine hufa. Na maradhi yenyewe hayajatibiwa.

Twapendekeza "chipukizi la chonge". Lakini Kibondo na Kasulu, ambako wazazi wengi lugha yao ya kwanza ni Kiha, kusanifu hakutoshi: matabibu wa meno waifafanue kliniki kwa Kiha pia. Istilahi isiyomfikia mama haimwokoi mtoto.