Kirusi cha Nyanya Kinachosafiri kwa Mikono

Mwaka 2014, katika vitalu nyumba vya kusini mwa Israel, majani ya nyanya yalianza kutoka mabaka na matunda yakapata madoa ya njano. Kilichoshtua ni mbegu yenyewe. Ilikuwa na jeni Tm-2², kinga iliyowalinda wakulima kwa miongo kadhaa dhidi ya kirusi cha batobato ya nyanya.

Kulaumu mbegu feki kungekuwa rahisi, lakini watafiti hawakuishia hapo. Chini ya darubini ya elektroni walikuta vijiti vyembamba, umbo la ukoo uleule wa batobato. Waliposoma mpangilio wa vinasaba, wakaona ni kirusi kile kile kilichokuwa kimepatikana Jordan mwaka 2015, kinachoitwa ToBRFV. Ushahidi mzito ulikuja walipokipaka kwenye mimea mizima yenye Tm-2², nayo ikaugua. Kinga ilikuwa imevunjwa, na hapo ubishi ukaisha.

Jibu hilo ndilo lililoonyesha pa kupambana nacho. Hebu mtazame kibarua anayetoa vichipukizi. Kila anapovunja kimoja, vinyweleo vya mmea vinakatika na utomvu unabaki vidoleni. Akishika mche unaofuata, kirusi kinaingia kupitia vidonda ambavyo hata havionekani. Hakimngoji inzi mweupe wala kidukari. Kinakaa kwenye mkasi, kamba, kreti na nguo kwa muda mrefu, na hata wale nyuki wakubwa wanaowekwa ndani kuchavusha maua wanakihamisha. Ndiyo maana kupulizia dawa ya wadudu hapa ni kupoteza fedha. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa.

Kazi ikahamia mlangoni: glovu mpya, nguo zisizotoka kitaluni, visu vinavyotakaswa kati ya mstari na mstari, mimea migonjwa kung'olewa pamoja na majirani zake. Mbegu nazo hupimwa maabara, kwa kuwa kirusi hukaa zaidi kwenye ganda. Miche michache tu inayoambukizwa kwa njia hiyo inatosha, maana mikono humalizia kazi.

Uholanzi, yenye vitalu vya kisasa kabisa, ilikikuta mwaka 2019. Sasa kuna mbegu mpya zenye ukinzani, nami nazipokea kwa furaha, ila sikubaliani na anayeziuza kama ruhusa ya kulegeza usafi. Tm-2² nayo iliaminiwa hivyohivyo.