Ngazi ya 4, lakini wapi?

Ukisikia gari linalojiendesha ni la "ngazi ya 4", usishangilie kwanza. Uliza: kwenye barabara ipi?

Ngazi hizo zinatoka kwenye waraka J3016 wa SAE International, toleo la kwanza mwaka 2014. Zipo sita, 0 hadi 5. Uzuri wake, waraka unajibu swali moja sawasawa: nani anaendesha, mtu au mashine? Ngazi ya 3, mtu akae tayari kupokea usukani akiombwa. Ngazi ya 4 haimhitaji, ila ndani ya mazingira yaliyowekwa tu.

Kasoro ipo hapo. Waraka unataka mazingira yatajwe, lakini namba ndiyo inayofika kwenye matangazo. Migodini Australia malori yanajiendesha kweli, kwa sababu njia zimefungwa na kila gari lililomo linafuatiliwa. Sasa toka nje ya geti la mgodi, uje barabara ya vumbi ya Geita wakati wa kiangazi: bodaboda, ng'ombe, baiskeli zenye abiria. Leza ya kupimia umbali, yenye wimbi la nanomita 905 hivi, inatawanywa na vumbi. Rada ya gigahezi 77, wimbi la milimita 4 hivi, inapenya, ila picha yake ni hafifu. Kumtofautisha mwendesha baiskeli na kichaka si kazi ndogo.

Basi namba iandikwe pamoja na barabara yake. Mwendesha baiskeli wa Shinyanga hajasoma J3016, lakini atakayegongwa ni yeye.