Upasuaji wa Unene kwa Watu Wazima wa Pwani ya Kusini

Ajuza wa Msambweni mwenye kimo cha mita 1.55 na uzito wa kilo 102, ambaye magoti yamemkatalia kusujudu na kisukari kimemtia katika sindano za kila siku, uzito wake ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake hupata kipimo cha 42 na nusu. Na kipimo cha 40, au 35 kikiandamana na maradhi kama kisukari, ndicho ambacho wataalamu waliokutana Marekani mwaka 1991 walikikubali kuwa hoja tosha ya kupasuliwa tumbo ili uzito upungue. Hata hivyo kwa miaka mingi angaliambiwa kuwa umri umempita, kwa kuwa hospitali nyingi zilifunga mlango kwenye miaka 60 au 65. Utafiti mashuhuri wa Sweden ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström, ambao mwaka 2007 ulidhihirisha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa, uliwachukua watu wa miaka 37 hadi 60 tu. Mwaka 2022 jumuiya kuu za wapasuaji wa fani hii zilitoa mwongozo usio na ukomo wa umri, unaotaka mzee apimwe udhaifu wa mwili wake kabla ya kuhukumiwa kwa miaka yake.

Nauona mwongozo huo kuwa wa insafu, na kazi yenyewe, katika njia ya kupunguza mfuko wa chakula, yastahili kuelezwa ilivyo. Tabibu hutoboa matundu madogo, hujaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi apate nafasi ya kuona kwa kamera, kisha huitenga mishipa ya damu inayolisha ukingo mpana wa mfuko wa chakula. Mrija wenye unene wa milimita 12 hivi hupitishwa kinywani hadi tumboni kuwa kipimo, na kandokando yake mashine hukata na kushona kwa pini za chuma papo hapo, kuanzia sentimita 4 hadi 6 juu ya lango la kutokea chakula. Robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa iliyogunduliwa mwaka 1999, na kwa hiyo hamu ya kula hupoa. Wapasuaji wengi huwachagulia wazee njia hii kuliko ile ya kuunganisha utumbo upya, kwa sababu humaliza kazi upesi na huathiri kidogo zaidi ufyonzaji wa madini na vitamini, ingawa mwenye kiungulia kikali huenda akazidi kuteseka kwayo. Hewa ile inayojazwa tumboni hukisukuma juu kiwambo cha mapafu. Ndiyo maana moyo na pumzi za mzee huchunguzwa kwa makini kabla ya dawa ya usingizi.

Lakini khofu yangu kubwa i katika nyama ya mwili. Uzito unaposhuka kwa haraka, mafuta huondoka pamoja na misuli, na mtu wa miaka 68 ambaye misuli yake imekwisha kupungua kwa uzee aweza kukonda huku akishindwa kuinuka kitini, akaanguka na kuvunjika nyonga. Yafaa basi kabla ya kisu apimwe nguvu ya kiganja na namna anavyoinuka bila kujishika, na baada ya kisu ale protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, jambo zito kwa tumbo linalopokea vijiko vichache tu kwa mlo. Gramu 100 za samaki zina protini kadiri ya gramu 20, na yai moja 6. Kwa hiyo samaki wa Diani, mayai na maziwa vitangulie, kunde zifuate, na wali wa nazi na mahamri vingoje, maana vikitangulia hujaza nafasi yote.

Upasuaji huu hufanywa Nairobi, na kwa jirani zetu Tanzania hospitali ya Mloganzila huweka puto tumboni kwa wanaotaka njia isiyo ya kisu. Lakini mgonjwa wa Kwale hurejea kwao, na huko ndiko kazi ndefu iliko. Dozi ya insulini au ya vidonge vya sukari isipopunguzwa tangu siku za awali, sukari hushuka ghafla na mzee huzimia. Vitamini B12 hupungua, hasa kwa aliyetumia metformini miaka mingi, na kupima damu yake na kumdunga sindano ni kazi inayoweza kufanywa karibu na nyumbani. Ramadhani nayo ina hukumu yake: maji sharti yanywewe funda kwa funda mchana kutwa, mbali na chakula, na anayefunga katika miezi ya awali hujihatarishia figo. Sheria ya dini imempa mgonjwa rukhsa ya kutofunga, na tabibu na shehe washauriane naye mapema, kabla mwezi haujaandama.

Katika wiki za kwanza mshono waweza kuvuja, na kwa mzee homa huenda isijitokeze kabisa. Moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida na maumivu yanayopanda begani ni dalili zitoshazo kumfanya daktari wa Msambweni ampigie simu aliyempasua usiku uo huo, kwani kivuko cha Likoni na njia ya kufika kwa mtaalamu huchukua saa ambazo tumbo linalovuja halina.