Kosa la Jumatatu: karatasi ya marufuku

Potasiamu 6.2, Jumatatu asubuhi, baada ya siku mbili bila mashine. Maji ya dializi ni ya potasiamu 2, uzito mkavu umepangwa upya, fistula inatoa damu vizuri: kazi safi. Kisha mgonjwa anakabidhiwa karatasi. Asile sombe, maharagwe, ndizi, viazi, karanga wala nyanya. Uamuzi huo ni kosa, na unaharibu yote yaliyofanywa vyema kabla yake.

Kila aliyemsindikiza ndugu yake kwenye dializi hapa Lubumbashi anaijua karatasi hiyo. Inaonya juu ya chokoleti, lakini haisemi lolote juu ya lengalenga. Nimeipinga tangu zamani na nitaendelea kuipinga.

Tazama kinachofuata. Mgonjwa anatii. Anabaki na bukari na kipande cha makayabu, ambacho chumvi yake inamtia kiu, naye anarudi amejaa maji. Siku nyingine anaona afadhali asile kabisa. Sasa, takriban asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, nyingi katika misuli. Asipokula, insulini inashuka na potasiamu inatoka kwenye seli kuingia katika damu. Misuli ikiliwa na njaa, inatoka nyingine zaidi. Jumatatu ya pili kipimo kiko juu tena, mgonjwa anakaripiwa kwamba amekula ovyo, na karatasi inakazwa. Mtu anakonda mbele ya macho yetu huku akilaumiwa kwa chakula ambacho hakukigusa!

Maswali ya kwanza hayakuulizwa. Anapata choo? Figo zikifa, utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi ya potasiamu. Bikabonati ni ngapi? Anatumia enalapril au spironolactone? Chembe za damu zilipasuka kwenye chupa kabla ya kufika maabara? Na zaidi ya yote: amekosa kipindi cha dializi? Familia zinalipa kutoka mfukoni, na vipindi vitatu vya wiki vinakuwa viwili. Sombe haina hatia hapo.

Sombe yenyewe ichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, maana potasiamu nyingi imo humo. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe katika maji mengi. Maharagwe yalowekwe usiku. Anayelainisha mboga kwa maji ya majivu ndiye wa kuonywa kwa sauti kubwa, kwa kuwa majivu ya miti yamejaa potasiamu.

Madaktari Guy Laurent na Bernard Charra wa Tassin, karibu na Lyon, walianzia kwenye mashine: saa 8, mara tatu kwa wiki, chumvi kidogo. Matokeo yao ya 1992 yalionyesha asilimia 75 ya wagonjwa wakiwa hai baada ya miaka 10. Saa hizo hatuna, lakini mpangilio wao wa kufikiri tungeweza kuuiga bila kulipa hata faranga.

Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa figo ya KDOQI ya 2020 inataka gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji walau gramu 60, na yai moja lina kama 6. Kwa hiyo samaki wabichi, kuku na mayai kwanza, na sombe iliyomwagwa maji irudi kwenye sahani. Potasiamu ikibaki 6 baada ya choo, dawa, bikabonati na kipindi cha tatu kushughulikiwa, hapo parachichi liondolewe.