Uhuru wa Binti wa Rais: Nani Anamfukuza Nani?

Jumamosi iliyopita mvua ilinifungia nyumbani pamoja na mjukuu wangu wa miaka 12, naye akanishawishi tutazame filamu. Mkononi alikuwa na ‘Chasing Liberty’ ya mwaka wa 2004, ambayo mimi niliiweka zamani katika fungu la sinema za kupitishia wakati: binti mrembo, kijana mtanashati, miji ya Ulaya, busu la mwisho, tamati. Hatukuwa tumefika hata nusu mtoto aliponigeukia na kuuliza, “Shosho, huyu anampenda ama ako kazini?”

Sarufi ingetaka ‘yuko’, lakini nilinyamaza. Swali hilo ndilo uhakiki mzima wa filamu hii. Hayo mengine nitakayoyasema ni ufafanuzi tu.

Kwa yule ambaye hajaitazama, Anna Foster, anayeigizwa na Mandy Moore, ana umri wa miaka 18 na ni mtoto wa pekee wa Rais wa Marekani. Hata akitoka na kijana kwenda kula, walinzi wanaiharibu jioni yenyewe. Katika ziara ya Prague babake anamwahidi kwamba atalindwa na maafisa wawili tu. Anapogundua kwamba ukumbi wa muziki umejaa walinzi, anatoroka kwa msaada wa kijana Mwingereza mwenye pikipiki, Ben (Matthew Goode). Asichojua Anna ni kwamba Ben naye ni afisa wa usalama, na kwamba Rais mwenyewe ameagiza binti aachwe aendelee kudhani ametoroka. Kutoka hapo ni Venice, kisha Berlin kwenye tamasha la Love Parade. Mapenzi yanakolea, siri inafichuka, machozi yanamwagika, na mwishowe wawili hawa wanapatana Uingereza baada ya Ben kuiacha kazi.

Sasa tulitazame jina la filamu, maana ndilo lililo werevu kuliko filamu yenyewe. ‘Liberty’ ndilo jina la siri ambalo walinzi humwitia Anna kwenye redio zao. Kiingereza kinakuruhusu kuzibeba maana zote mbili kwa pamoja: binti anaukimbilia uhuru, na maafisa wanamkimbiza binti. Hebu jaribu kulitafsiri jina hilo uone. Ukisema ‘Kuukimbilia Uhuru’, kiambishi cha mtendwa -u- kinatuambia kwamba uhuru ni kitu kinachotafutwa. Ukisema ‘Kumfukuza Uhuru’, -m- kinauhamishia uhuru katika ngeli ya A-WA. Sasa Uhuru ni mtu, na wanaokimbia nyuma yake ni wengine. (Sisi Wakenya tumeuzoea Uhuru wa ngeli hiyo, tumewahi kumchagua awe rais.) Na ukiteleza ukasema ‘Kuufukuza Uhuru’, basi umeufurusha kabisa, na pengine hapo ndipo utakapokuwa umeikaribia zaidi maana ya filamu.

Kiswahili, kwa maneno mengine, hakikuachi ukae katikati. Lazima utaje nani mtenda na nani mtendwa. Filamu hii inaliepa swali hilo kwa karibu saa mbili. Inatuonyesha Anna akiogelea usiku katika mto Vltava, akidandia treni na kulala kwa watu asiowajua, nasi tunaalikwa kushangilia: loo, binti amejikomboa! Kumbe kila hatua yake inafuatwa na mtu anayelipwa mshahara na serikali ya babake. Anaporuka kutoka juu akining’inia kwa kamba, nilitamani mwelekezi Andy Cadiff atue hapo kidogo. Picha nzima ya uhuru wa Anna iko kwenye kamba ile. Lakini muziki unapanda, wanacheka, na safari inaendelea.

Sina ugomvi na hila katika vichekesho. Vichekesho vingi vya mapenzi vimejengwa juu ya uongo. Ugomvi wangu ni bei ya uongo huo. Ben anamdanganya msichana siku baada ya siku, anamwacha ampende akiwa hana habari muhimu kuliko zote, kisha anasamehewa kwa kuwa ‘alikuwa akimlinda’. Baba naye hata hajitetei sana. Hii ni taasubi ya kiume iliyovishwa vazi la usalama, na ni taasubi yenye tabasamu, kwa hiyo hupita bila kuonekana. Ajabu ni kwamba mapenzi ya kuaminika katika filamu hii ni ya Weiss na Morales, walinzi wawili wanaowaandama kina Anna kwa gari. Wale wanagombana na kutaniana kila mmoja akimjua mwenzake ni nani.

Na isidhaniwe kwamba hili lilikuwa wazo la mtu mmoja. Mwaka huohuo ilitoka ‘First Daughter’, iliyoelekezwa na Forest Whitaker, yuleyule ambaye miaka miwili baadaye angemwigiza Idi Amin. Humo pia binti wa Rais (Katie Holmes) anakwenda chuoni kutafuta maisha ya kawaida, anampenda kijana, na kijana anageuka kuwa mlinzi. Filamu mbili, mwaka mmoja, mtego uleule! Zote mbili zinamrithi ‘Roman Holiday’ ya 1953, ila zimeuacha urithi ulio bora. Katika filamu ile mwanahabari naye anamdanganya binti mfalme, lakini analipa: anaiacha habari ambayo ingempa pesa. Binti mfalme, ambaye Audrey Hepburn alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza, anarudi ikulu kwa uamuzi wake mwenyewe, na wawili wale hawaoani. Kurudi kule ndiko kutenda kwake.

Mjukuu wangu alitaka kujua kama kuna binti wa mtawala aliyetoroka kikweli. Nikamtajia Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka wa 1844, binti wa Sultani Said. Alijifunza kuandika kwa siri, kwa sababu mabinti walifundishwa kusoma tu. Mwaka wa 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, akabatizwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaishi Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu. Aliporudi Unguja mwaka wa 1885, alifika pamoja na meli za kivita za Bismarck, ambaye alikuwa na hesabu zake mwenyewe. Nduguye, Sultani Barghash, akakataa kumpa urithi. Huyu hakufuatwa na mlinzi wa baba mwenye pikipiki. Lakini tazama: hata yeye, alipodhani anarudi kudai haki yake, alikuwa amebebwa na dola nyingine. Mwaka wa 1886 alichapisha kumbukumbu zake, na humo angalau mtenda ni yeye.

Nikiri jambo. Mamake mtoto huyu alipokwenda kusomea ng’ambo, nilimpigia simu jamaa yetu aliyeishi karibu na chuo nikamwomba awe akipita-pita, ati kwa bahati tu, kisha anipe habari. Binti yangu sikumwambia. Jambo hilo nililiita usalama, kama anavyoliita Rais Foster.

Jumamosi, nilipokuwa nikizimwaga hoja hizi zote kwa sauti ya mhadhiri, mwenyewe alikuwa jikoni akisonga ugali. Akachungulia mlangoni, mwiko mkononi.

“Mama, mimi nilijua wiki ya kwanza,” akasema. “Bahati gani hiyo ya kukutana na anko mara nne kwa duka moja?”

Kisha akarudi kwenye sufuria yake.