Stima Ndogo ya Turner

Picha ya J. M. W. Turner iitwayo The Fighting Temeraire inapendwa mno na Waingereza. Mwaka 2005 wasikilizaji wa redio ya BBC waliipigia kura kuwa picha bora kuliko zote zilizomo nchini mwao, na mwaka 2020 ikachapwa kwenye noti yao ya paundi 20. Wengi huipenda kwa ajili ya manowari kuukuu iliyomo upande wa kushoto. Mimi naipenda kwa ajili ya stima inayoivuta, na naona stima hiyo imeonewa, si na mchoraji bali na watazamaji wake.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Temeraire ilikuwa manowari ya mizinga 98, iliyoshushwa majini Chatham mwaka 1798. Katika vita vya Trafalgar, Oktoba 1805, iliisaidia Victory, meli ya Admeri Nelson, iliposongwa na adui. Baadaye ikafanywa jela ya mateka, kisha ghala, hata mwaka 1838 ikauzwa kwa paundi 5,530 kwa John Beatson, mvunja meli wa Rotherhithe. Septemba hiyo stima mbili za kukodi, London na Samson, ziliivuta kwa siku mbili kutoka Sheerness, zikipanda mto Thames maji yakijaa.

Turner aliitundika picha yake katika maonyesho ya Royal Academy mwaka 1839, naye ana miaka 64. Hakuchora taarifa ya safari. Milingoti ya manowari ilikwisha kung'olewa, yeye akairudisha. Safari ilielekea magharibi, lakini meli yake inakuja ikiliacha jua linalotua nyuma. Hata dohani ya stima ameiweka mbele ya mlingoti, kinyume cha zilivyoundwa stima za namna hiyo. Willmore, aliyeichonga picha hiyo kwa ajili ya kuchapwa mwaka 1845, aliirudisha mahali pake.

Hayo yote namsamehe. Dohani ikiwa mbele, moshi mwekundu unarudi nyuma ukipenya katikati ya milingoti ya manowari, na macho hayana pa kwenda ila kwenye stima. Nisilomsamehe ni kuifuta ile stima ya pili. Manowari ile ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya tani 2,000, na mto una kona nyingi. Kuondoa stima moja ni kuifanya kazi ionekane nyepesi, kama mtoto aongozaye ng'ombe mzee kwenda machinjoni.

Thackeray, aliyeihakiki picha mwaka huohuo wa 1839, aliiona stima kama kishetani kinachomkokota shujaa, na wengi wakamfuata. Kwa miaka mingi niliwasisitizia walimu-wanafunzi wangu kwamba mtoto aseme kwanza anachokiona, ndipo aseme anachohisi. Haya, na tutazame. Manowari ni nyeupe yenye dhahabu iliyofifia, mithili ya moshi wa ubani. Haina bendera wala haina uzito. Stima ni nyeusi, ina uzito, magurudumu yake yanayachafua maji, na bendera nyeupe inapepea juu yake. Katika picha nzima ndiyo inayofanya kazi. Mkono uliolichora povu lile haukuwa na chuki.

Kabla ya stima, meli ya matanga ingeweza kukaa siku kadhaa mdomoni mwa Thames ikingoja upepo, na mwenye shehena akihesabu hasara. Stima ilikodiwa, ikaivuta, ikarudi kutafuta nyingine. Jeshi nalo halikuidharau. Comet, iliyoshushwa majini mwaka 1822, ilikuwa miongoni mwa stima zake za kwanza, na kazi yake ilikuwa kuzivuta manowari za matanga zilipokosa upepo. Kwa hiyo mashujaa hao walikwisha kuzoea kuvutwa, tena wakienda kazini, muda mrefu kabla ya kupelekwa kuvunjwa.

Najua mzee aliyevuka miaka sabini hutarajiwa ailillie manowari. La hasha. Manowari ina waombolezaji wa kutosha.

Turner alikataa kuiuza picha hii mpaka alipofariki mwaka 1851. Aliiachia taifa, nayo imo katika National Gallery mjini London. Atakayejaliwa kuiona na aanze chini, penye povu.